Kibembelezi Juu ya Paa la Gari

Siku mliyoniaga pale karakanani Mkuyuni mlinipa kiti cha mbele na soda ya baridi, mkasema mzee atoe neno. Nilisimama, nikasema asanteni, nikaketi. Wengine mlidhani nimezidiwa na machozi. Ukweli ni kwamba neno nililokuwa nalo lilikuwa refu na halikufaa kusemwa mbele ya pilau. Naliandika sasa, maana sina tena ngazi ya kupanda wala mteja anayenisubiri.

Sitaeleza nilivyopanda cheo. Vyeo vya karakana yetu mnavijua wenyewe: kuna mwenye karakana, kuna fundi, na kuna anayeshika ngazi. Nilianza kwa kushika ngazi.

Nilifika kutoka Muleba nikiwa nimemaliza kidato cha nne, na shati lililopigwa pasi. Fundi mkuu wakati huo alikuwa Mzee Majura, Mjita mfupi asiyependa maneno. Nilitegemea anipe spana. Alinipa ndoo, brashi laini na AC ya kuosha. Ilikuwa imetoka nyumba moja ya karibu na ziwa, na koili yake ya nje ilikuwa imezibwa na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopaa kama moshi, wakashikana na vumbi hadi wakawa kama blanketi. Niliosha asubuhi nzima. Mchana nikamuuliza nitaanza lini kujifunza.

"Unajifunza nini sasa hivi?" akasema.

"Kuosha."

"Basi. AC nyingi zinazoletwa hapa hazina ugonjwa, zina uchafu. Lakini ninyi Wahaya mtu akimaliza fomu foo anataka kuanza na ugonjwa wenye jina la Kiingereza."

Mzee Majura alikuwa na bisibisi moja ndefu yenye mpini wa mbao. Ncha aliiweka juu ya kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya AC, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Kwa njia hiyo alisikia mambo ambayo mita haikuonyesha. Alikuwa na tabia nyingine iliyowaudhi wateja: hakujibu swali lolote kabla hajafungua kifuniko. Mteja angeuliza, "Fundi, ni gesi imeisha?" naye angeendelea kulegeza skrubu kana kwamba hajasikia. Wateja walimwona mkavu. Mimi pia nilimwona hivyo, na nilipoanza kutumwa peke yangu nikajitahidi kuwa fundi mwenye majibu ya haraka. Nilipendwa sana.

Alipozeeka alirudi kwao Majita, na huko ndiko alikozikwa. Bisibisi aliniachia. Mpini uliwahi kupasuka nikaufunga kwa utepe wa umeme, na ndivyo ulivyo hadi leo.

Miaka ile AC zilikuwa chache, za benki, hoteli na nyumba za mlimani. Baadaye zikaingia majumbani, na kila mwenye AC akanunua na jenereta ndogo kwa siku za kukatika umeme. Hapo ndipo shida ya kuwasha ilipoanza. Kwa mnaoanza kazi nieleze kwa ufupi. Kompresa ikishazunguka inakula umeme wa kawaida, lakini ile nukta ya kuanza inataka mara kadhaa ya huo. Ni kama ng'ombe wanaovuta tela la pamba. Likishatembea wanalivuta huku wakicheua, ila hatua ya kwanza ndiyo inayokata kamba. Jenereta ndogo ikikutana na hatua hiyo ya kwanza inakohoa na kuzima. Umeme wa nguzo hauzimi, ila taa zinafifia na jirani anakutukana.

Dawa yetu ya zamani ilikuwa kapasita ya ziada ya kuanzia, kikopo kinachotunza umeme na kuuachia kwa mkupuo, pamoja na kiswichi chake kidogo cha kuitoa kazini kompresa ikishazunguka. Tuliiita teke, kwa sababu ndilo inaloipa kompresa. Nimefunga mateke mengi mjini humu kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Kisha kikaja kifaa kinachoitwa sofstata. Ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya umeme na kompresa, nacho huipa umeme kidogo kidogo mpaka iamke yenyewe. Karakanani tukakiita kibembelezi. Cha kwanza nilikifunga Capri Point, kwa mwalimu mmoja mstaafu ambaye kila AC yake ilipowaka, televisheni ilizima. Nilipomaliza nikawasha, tukasimama barazani.

"Mbona haijawaka?" akauliza.

"Imewaka, Mwalimu."

"Sijasikia kitu."

"Ndiyo kazi yake."

Akaingia ndani, akainua mkono kwenye upepo, akarudi. "Sasa umeniharibia," akasema. "Nilikuwa najua AC imewaka pale televisheni inapozima. Sasa nitajuaje?"

Nilicheka, lakini alikuwa amesema jambo la maana. Kompresa inayowaka kwa kishindo inakupa habari zake. Ukiinyamazisha, lazima uwe na njia nyingine ya kuzipata. Kwa hiyo shikeni haya. Osha koili kwanza, mengi yanaishia hapo. Pima umeme wa kuanza kwa mita ya kubana waya kabla ya kufunga na baada ya kufunga, mbele ya mwenye nyumba. Usimdanganye kwamba kibembelezi kitapunguza umeme wa kila siku. Kinasaidia hatua ya kwanza tu, na jenereta isiyoweza kubeba AC inayotembea haitaiweza hata ukiibembeleza mpaka Krismasi. AC za kisasa zinazojipunguza mwendo zenyewe hazikihitaji. Ukimuuzia mtu mwenye AC hiyo, umemwibia. Mara chache za mwanzo kifaa kinajifunza tabia ya kompresa, hivyo kiwashie kwenye umeme uliotulia. Na kama kuna teke la zamani, litoe. Litoe kabisa, usiliache limening'inia.

Hilo la mwisho ndilo linalonifanya niandike.

Kulikuwa na mradi wa kupima wajawazito kwenye vijiji vya ufukweni upande wa Sengerema. Aliyeusimamia alikuwa daktari mwanamke wa Bukoba, Daktari Kokugonza, mtu wa maneno machache na haki. Gari lao lilikuwa lile la Wazungu la kutembea na kulala humohumo. Kitanda kilikuwa kimetolewa, mahali pake pakawekwa mashine ya kuangalia mtoto tumboni. Mashine ile ilikuwa haivumilii joto. Ikipata moto ilijizima, na ikijizima hakuna kipimo siku hiyo. Ndiyo maana AC ya juu ya paa ilikuwa muhimu kuliko redio na viti, na ndiyo maana dereva aliambiwa wazi kwamba jenereta na AC ni mzigo wake.

Dereva aliitwa Masalu, Msukuma wa Sengerema, mnene, mtani, mwenye mkataba wa kuongezwa mwaka hadi mwaka. Aliipenda kazi ile. Aliniambia kwamba tangu aanze kuendesha magari, ile ilikuwa mara ya kwanza watu kufurahi wakimwona anafika.

Teke la AC ile nilikuwa nimelifunga mimi mwenyewe zamani, gari lilipoanza kazi. Jenereta ilipochoka na kuanza kuzima, Daktari akaagiza kibembelezi, nikapanda juu ya paa kukifunga. Masalu akapanda nami. Maelekezo ya kifaa yalisema kapasita yoyote ya ziada iondolewe. Niliyasoma na niliyaelewa. Lakini teke lilikuwa upande wa pili wa kifuniko, bati lilikuwa linachoma magoti, na sisi mafundi wa hapa tuna mazoea yetu: kitu kinachofanya kazi hakitolewi. Nikajiambia wasaidizi wawili ni bora kuliko mmoja. Leo naliona jambo lenyewe kama mtu anayembembeleza mtoto huku anampiga teke, lakini siku ile sikuliona hivyo.

Nikawasha. Kompresa ikaanza taratibu, jenereta haikukohoa. Kijitaa cha kifaa kikawa kinapepesa.

"Fundi," Masalu akasema, "hiki kinakukonyeza."

"Kinajifunza."

"Kinajifunza nini?"

"Tabia ya kompresa."

"Hata mimi nilipoajiriwa nilijifunza, lakini sikumkonyeza mtu."

Tukacheka. Nikafunga kifuniko kijitaa kikiwa bado kinapepesa. Kilikuwa kinapepesa kwa kulalamika. Kuna tofauti kati ya kupepesa kwa kujifunza na kupepesa kwa kulalamika, nayo imeelezwa katika maelekezo yaleyale niliyoyasoma.

Kabla hatujashuka nilimpa Masalu onyo ambalo huwa tunampa kila mtu. Ukizima, usiwashe tena papo hapo. Gesi inahitaji kutulia, vinginevyo kompresa inaanza ikiwa imebanwa, na inaweza kuungua.

"Ningoje kiasi gani?"

"Chemsha chai, inywe, ndipo uwashe."

"Na kama sina sukari?"

"Ngoja hivyohivyo, Masalu."

AC ile ilivumilia kwa muda. Kisha siku moja, katika kijiji cha ufukweni, kompresa ikanguruma, harufu ya waya ikajaa garini, na baridi ikakatika. Kina mama waliokuwa kwenye foleni wakaambiwa warudi siku nyingine. Mmoja ambaye Daktari hakutaka kumwacha alipelekwa hospitali ya Sengerema kwa pikipiki, akafika salama, akajifungua salama. Nasema hivyo mapema ili msingoje msiba wa aina hiyo.

Jioni hiyo Daktari akanipigia simu. Masalu alikuwa ameizima AC mchana ili ahamishe gari kivulini, kisha akaiwasha tena. Yeye alisema alingoja. Muuguzi mmoja alisema hakumbuki.

"Mzee Rwegasira," Daktari akasema, "naomba nikuulize jambo moja tu. Dereva anaweza kuiunguza kwa kuzima na kuwasha harakaharaka?"

"Inawezekana," nikasema.

"Asante. Nilifikiri hivyo."

Neno hilo ni kweli kwa kila kompresa duniani. Nililitoa kwa haraka, nikiwa nyumbani Kirumba, gari likiwa ng'ambo ya maji na kifuniko kikiwa hakijafunguliwa na mtu. Masalu akaambiwa akae nyumbani, na kwamba mkataba wake ukiisha hautaongezwa.

Gari likaletwa Mkuyuni na dereva wa kuazima. Nilipanda peke yangu. Nilipoinua kifuniko nikaona kila kitu bila kuhitaji bisibisi ya Mzee Majura. Kapasita ya teke ilikuwa imevimba na kutoa mafuta. Kiswichi chake kilikuwa kimeyeyuka kikiwa kimeshikamana. Badala ya kutoka kazini kompresa ilipoanza, teke lilikuwa limeendelea kupiga, na ndilo lililounguza waya za ndani. Masalu angeweza kungoja chai mpaka iote ukungu, mwisho ungekuwa huohuo.

Nilitoa teke. Nikafunga kompresa mpya na kibembelezi kingine, kijitaa kikatulia, nikashuka. Mwenye karakana aliniuliza ilikuwa nini, nikasema kompresa ilikufa. Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilianza kuona jinsi mtu anavyoweza kwenda mbali sana akiwa na maneno ya kweli tu.

Siku zikapita. Nilijiambia madereva wanatafutwa sana Geita, kwamba mtu kama Masalu hakosi kazi, kwamba jina langu likichafuka karakana nzima itachafuka. Ningeweza kukaa hivyo muda mrefu, maana kazi zilikuwa nyingi na nilikuwa na sababu ya kutofikiri. Aliyenitoa hapo ni Masalu mwenyewe. Alinipigia simu asubuhi moja.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri. Sikupigii kwa lawama. Nataka unielimishe tu. Nilikosea wapi? Maana mimi nilingoja. Au chai yangu ilikuwa ndogo? Siku ile tulitumia vile vikombe vidogo."

Nilimwambia tutaongea. Nikakata simu.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa Daktari na lile teke nikaliweka juu ya meza yake, juu ya gazeti, kwa sababu lilikuwa bado linatoa mafuta. Nikamweleza.

"Uliniambia inawezekana," akasema.

"Nilikwambia, Daktari."

"Ulikuwa hujafungua."

"Nilikuwa sijafungua."

"Na ulipofungua ukajua."

"Siku ileile gari lilipofika."

Akalitazama lile teke, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, kwa sababu maneno makali yangenipunguzia mzigo. Hakunipa. "Barua ya kumrudisha nitaiandika mimi," akasema. "Lakini sitamwambia kwa niaba yako. Nenda mwenyewe, kabla barua haijamfikia."

Nilivuka kwa kivuko cha Kamanga. Masalu nilimkuta uani kwake akichambua mahindi na mkewe. Alikuwa amepungua kidogo, au nilimwona hivyo. Mkewe akaleta kigoda, akanisalimu, akataka kuondoka. Nikamwomba abaki, kwa kuwa habari ilikuwa ya nyumba nzima. Nikaeleza kama nilivyomweleza Daktari: teke, kijitaa, neno langu la simu, na siku nilizokaa nikijua.

Masalu aliendelea kupukuchua hindi moja mpaka likabaki gunzi.

"Kwa hiyo nilingoja vya kutosha," akasema.

"Ulingoja."

Mkewe akacheka kidogo, cheko lisilo na furaha. "Mwambie ya redio," akasema.

"Acha."

"Mwambie." Kisha akanigeukia mimi. "Akizima redio haiwashi tena. Anakaa kwanza. Juzi taarifa ya habari imetupita, tumekaa tunaitazama redio. Namuuliza, baba, redio ina gesi? Anasema, ngoja kwanza."

Masalu naye akacheka, kwa ajili yangu nadhani, ili nisione aibu sana mbele ya mkewe. Kisha akasema kwa upole, "Bora ungesema mapema kidogo, fundi. Si sana. Kidogo tu. Wakati huo nilikuwa sijaanza bado kuamini kwamba ni mimi."

Walinipa ugali wa muhogo na samaki, nikala, kwa sababu kukataa kungekuwa kuwaongezea kazi ya kunifariji. Alinisindikiza mpaka barabarani. Tukaagana kwa mkono.

Alirudi kazini na mkataba wake ukaongezwa. Daktari aliwaambia wafanyakazi wote, mbele yake, kwamba kosa halikuwa la dereva, na akataja la nani. Mimi niliendelea na karakana. Mwenye karakana alikasirika, kisha akapoa, kisha wateja wakasahau. Kwa upande wangu mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyostahili, na ndiyo sababu mojawapo sikuweza kusimama mbele yenu na soda mkononi nikasimulia ushujaa.

Miezi kadhaa kabla ya kustaafu nilikwenda kijiji kimoja cha ufukweni kuosha koili ya gari lile, maana wadudu wa ziwani walikuwa wengi msimu huo. Nilipomaliza nikashuka, nikamwambia Masalu kazi imeisha, anaweza kuwasha. Jenereta ilikuwa tayari inanguruma. Kina mama walikuwa wamekaa kwenye mikeka wakingoja. Masalu akaweka mkono kwenye swichi, akautoa, akaita nje.

"Sista, njoo mara moja."

Muuguzi akachungulia mlangoni na glovu mkononi. "Tena, Masalu?"

"Njoo uone. Nilizima fundi alipopanda, na wewe uliniona. Amemaliza kuosha, amenawa, ameshuka. Sasa nawasha."

"Nimeona, baba. Washa."

Kina mama kwenye mikeka wakacheka. Walikwisha kuizoea tamthilia ile. Mmoja akasema dereva huyu hata akioa mke wa pili atamwita Sista kwanza. Masalu hakugeuka. Aliwasha, AC ikaanza taratibu bila kishindo, naye akasimama palepale ameinua uso, akisikiliza juu ya paa.

Kibembelezi kile bado kinafanya kazi vizuri. Masalu naye bado anaendesha gari lile, na ninavyoambiwa, hawashi akiwa peke yake.